Barua ya wazi kwa wenye maamuzi: kabla hamjaleta mkalimani, ulizeni ni lugha ya ishara ipi

Waheshimiwa mnaoshughulika na elimu, afya, mahakama na utangazaji, popote mlipo, pamoja na nyinyi mnaokaa kwenye kamati za mitaala na kamusi,

Shikamooni. Mi ni mkalimani wa lugha ya ishara (najua wengine mnaita lugha ya alama, ni ileile). Mama yangu ni kiziwi, kwa hiyo kabla sijajua kuongea kwa mdomo nilikuwa nishajua kuomba maji kwa mikono, na tangu nimekua kazi yangu ni kukaa katikati ya watu wawili wasioelewana. Nimewaandikia kwa sababu kuna kosa moja naliona linarudiwa kila mahali, na linarudiwa na watu wazuri wenye nia nzuri, na ndio maana naona niliseme hadharani badala ya kumnong'oneza mkuu mmoja mmoja ofisini kwake.

Kuna siku nilipigiwa simu na hospitali moja, jioni, wananiambia wana mgonjwa kiziwi, mgeni, ametokea Uingereza, toka asubuhi hawaelewani naye, mkalimani waliyemleta ameshindwa. Huyo mkalimani namjua na namheshimu, ni mzuri sana, ila amesomea lugha ya ishara ya Marekani, na aliyempanga alifikiria hivi, Uingereza Kiingereza, Marekani Kiingereza, basi hata ishara zao zitakuwa zilezile. Nilipofika nikamkuta yule mama amekaa kitandani, ana homa, anarudia kitu kilekile kwa mikono yote miwili, herufi kwa herufi, anagusa ncha ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, halafu ya kidole cha kati, halafu hichohicho cha kati tena, halafu tena. Mi mwenyewe lugha ya ishara ya Uingereza siimudu vizuri lakini herufi zake nazijua. Kwenye alfabeti yao ya vidole irabu tano zinakaa kwenye ncha za vidole vitano, A ni kidole gumba, E ni cha shahada, I ni cha kati, O ni cha pete, U ni kidole cha mwisho. Alikuwa anaandika jina la dawa. Irabu zake zilikuwa E, I, I, I. Penicillin. Alikuwa anawaambia hiyo dawa inamdhuru, wasimchome.

Mtauliza si angeandika tu kwenye karatasi. Aliandika, ila Kiingereza kwake ni lugha ya pili, na mtu mwenye homa kali anayetetemeka mkono mwandiko wake hausomeki, na isitoshe walikuwa wameshajiridhisha kwamba mkalimani yupo kwa hiyo karatasi hakuna aliyeiangalia kwa makini. Namshukuru Mungu hawakuwa wamemchoma bado. Lakini siku nzima ilipotea, na ilipotea kwa sababu hakuna aliyeuliza swali moja, huyu mama anatumia lugha ya ishara ipi?

Sasa naomba mnivumilie niwaeleze kwa nini hilo swali ni la lazima, manake nikiishia kulalamika mtafanya kama kawaida, mtapokea malalamiko na kuyaweka kwenye faili.

Lugha za ishara zina ukoo kama lugha za mdomo. Sisi tunaosoma Kiswahili hili tunalijua bila kufundishwa, ukisikia Mzulu anasema umuntu na Mganda anasema omuntu unajua moja kwa moja kwamba hapo na mtu wetu kuna undugu, kuna bibi mmoja tumetoka kwake sote. Kwenye mikono ni hivyohivyo. Tofauti ni njia ambayo ukoo wenyewe unapita. Watoto wengi viziwi wanazaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo mara nyingi lugha hawaikuti nyumbani, wanaikuta shuleni kwa viziwi wenzao. Kwa maana hiyo ukitaka kujua lugha fulani ya ishara imetoka wapi, usiangalie bendera wala usiangalie watu wa hapo wanaongea nini, angalia shule ya kwanza ya viziwi ilianzishwa na nani na yeye alijifunzia wapi.

Mfano mkubwa ni huohuo wa Marekani. Mwaka 1815 mchungaji mmoja Mmarekani, Thomas Hopkins Gallaudet, alivuka bahari kwenda kutafuta namna ya kufundisha watoto viziwi, na alianzia Uingereza. Huko shule zilikuwa mikononi mwa familia ya Braidwood na walikuwa wanalinda mbinu zao kama siri ya biashara, hawakukubaliana. Akiwa London akakutana na padri Sicard, mkuu wa shule ya viziwi ya Paris, ambaye alikuwa ziarani na walimu wawili viziwi, Jean Massieu na Laurent Clerc. Akaalikwa Paris, akaenda, na mwaka 1816 akarudi nyumbani na Clerc, safari ya meli siku 52, Clerc anamfundisha ishara na yeye anamfundisha Clerc Kiingereza. Mwaka 1817 wakafungua shule Hartford, Connecticut. Pale wakaja watoto na ishara zao za nyumbani, wengine wakatoka kisiwa cha Martha's Vineyard ambako uziwi wa kurithi ulikuwa mwingi hadi watu wanaosikia nao walikuwa wanatumia ishara, vyote vikachanganyika na ishara za Paris na humo ndimo ilimozaliwa lugha ya ishara ya Marekani. Yaani kama wale Braidwood wangefungua mlango, leo Marekani na Uingereza pengine wangeelewana kwa mikono. Hawakufungua, na miaka zaidi ya 200 baadaye mama mmoja kitandani anarudia herufi zilezile na hakuna anayemwelewa.

Na huo undugu na Ufaransa mpaka leo unaonekana kwa macho. Mmarekani kiziwi akitaka kusema "tafuta" anakunja mkono umbo la C anauzungusha mbele ya uso. Kwa nini C, wakati neno la Kiingereza, search au look for, halianzi na C? Kwa sababu kwa Kifaransa ni chercher. Ishara yake ya zamani ya daktari ni M inayogusa kifundo cha mkono pale unapopimwa mapigo, na M hiyo ni ya médecin. Wengi wanaozitumia hawajui hata neno moja la Kifaransa, lakini mikono yao inalibeba. Mtafiti James Woodward miaka ya 1970 alilinganisha msamiati wa hizo lugha mbili akakuta karibu asilimia 60 ya ishara zina asili moja. Asilimia 60 ni undugu mkubwa, ila naomba muangalie na upande wa pili, karibu asilimia 40 si zao wote, kwa hiyo Mfaransa na Mmarekani ni ndugu na bado kila mmoja anahitaji mkalimani wake.

Ishara zenyewe pia zinabadilika, hazikai palepale. Ishara ya Kimarekani ya "saidia" zamani ulikuwa unaweka kiganja chini ya kiwiko cha mkono mwingine ukauinua, kama unavyomshika mzee anayepanda ngazi. Baada ya vizazi kadhaa kile kiganja kikashuka taratibu mpaka kikafika chini ya ngumi, na sasa hivi ni ngumi juu ya kiganja, ile picha ya kushika kiwiko imepotea kabisa. Mama yangu nilipomwonyesha hilo alicheka akasema hata zake za utotoni watoto wa siku hizi wanazikata kata. Vilevile ndivyo neno linavyochakaa mdomoni. Kwa hiyo mtu akiniambia ishara ni michoro tu ya hewani, kila mtu duniani anaelewa, naumia, kwa sababu mchoro hauna historia ya namna hii.

Upande wa Uingereza nako kuna ukoo wake. Mwaka 1860 viziwi wawili, Thomas Pattison kule Sydney na Frederick John Rose kule Melbourne, walianzisha shule za viziwi, wote wawili wametokea Uingereza, na ndio maana lugha ya ishara ya Australia, ya New Zealand na ya Uingereza zinafanana kiasi kwamba ulinganisho mmoja wa maneno ya msingi ulikuta asilimia 82 ni zilezile au zina uhusiano, na wataalamu wengine wanaziita lahaja za lugha moja. Hapo kweli ukimpeleka mkalimani wa Australia kwa mgonjwa wa Uingereza mambo yataenda. Lakini hebu vukeni mlangobahari kidogo tu muende Ireland, jirani kabisa, wanaongea Kiingereza, na lugha yao ya ishara ni ya ukoo wa Kifaransa, kwa sababu masista wa Kidominika wa Dublin mwaka 1846 walienda kujifunza kufundisha viziwi Caen, Ufaransa, na si London. Majirani wa ukuta mmoja, koo mbili.

Ndio maana ramani ya hizi lugha inashangaza ukiiangalia mara ya kwanza. Ureno na Sweden nani angewaza? Ila Mswidi Pär Aron Borg aliitwa Lisbon kuanzisha shule mwaka 1823, na alfabeti ya vidole ya Wareno ina alama za Uswidi hadi leo hata kama msamiati umeshaenda njia yake. Finland nako shule ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1846 Porvoo na Carl Oscar Malm, kiziwi aliyesomea Sweden. Afrika Magharibi asili kubwa ni mtu mmoja, Andrew Foster, Mmarekani mweusi, kiziwi, mweusi wa kwanza kuhitimu Gallaudet, chuo cha viziwi cha huko Marekani, mwaka 1954, aliyeanzisha shule Ghana mwaka 1957 na baada ya hapo nyingine nyingi nchi kwa nchi mpaka alipofariki kwa ajali ya ndege Rwanda mwaka 1987. Kwa hiyo kiziwi wa Ghana na kiziwi wa Nigeria wana mengi ya kushirikiana, na hata wa nchi jirani zinazotumia Kifaransa, kwa sababu mwalimu alikuwa mmoja.

Ukoo ninaoupenda kuliko wote ni wa Japani, Korea na Taiwan. Lugha zao za mdomo ni tatu tofauti kabisa, Kichina hakina hata undugu na Kijapani. Ila Japani ilizitawala Taiwan kuanzia 1895 na Korea kuanzia 1910, zote mpaka 1945, shule za viziwi zikaja na walimu wa Kijapani, na mikono ikabaki hata baada ya utawala kuondoka. Kidole gumba kikisimama ni mwanaume. Kidole cha mwisho kikisimama ni mwanamke. Lete gumba la mkono mmoja na kidole cha mwisho cha mkono mwingine vikutane mbele ya kifua, wameoana. Niliwahi kuwaona mzee wa Kikorea na dada wa Taiwan kwenye mkutano, wamekaa kona wakati wa mapumziko, mzee akaweka hivyo vidole viwili pamoja akainua nyusi, yaani umeolewa? Dada akavitenganisha, kimoja huku kimoja kule, tumeachana, na mzee akainamisha kichwa kumpa pole. Mazungumzo ya sekunde tano hivi, hakuna mkalimani, hakuna Kiingereza. Baada ya hapo wakaanza kukwama, mzee akarudia ishara moja mara tatu dada haelewi, wakaishia kuchora kwenye kiganja. Walifika pale undugu unapoishia.

Na hapa niwe mkweli, kwa sababu hata sisi tunaozipenda hizi lugha huwa tunazidisha. Kufanana si lazima iwe undugu. Kuna ishara zinafanana kwa kuwa kitu chenyewe kinaonekana hivyo, kunywa ni kunywa, mtu yeyote atapeleka mkono mdomoni. Watafiti walishalinganisha lugha ya ishara ya Mexico na ya Japani, ambazo hazina historia yoyote pamoja, wakakuta karibu asilimia 23 ya ishara walizozipima zinafanana. Kwa hiyo mtu akija ofisini kwenu na orodha ya ishara 20 zinazofanana akasema tazameni, hizi lugha ni moja, mwambieni hiyo haitoshi. Hata sarufi ni hivyo, kitendo cha kutoa karibu kila lugha kubwa ya ishara inakisogeza kutoka kwa mtoaji kwenda kwa mpokeaji, mkono ukitoka kwangu kuja kwako ni nakupa, ukitoka kwako kuja kwangu ni unanipa, kitendo kimoja kinabeba watu wawili ndani yake kama Kiswahili kinavyofanya kwa "ni" na "ku". Nyusi zinauliza swali, kichwa kinakanusha, nafasi iliyo mbele ya kifua inagawanywa huyu nimemweka kushoto yule nimemweka kulia. Hayo yanatokana na kuwa lugha ya macho na mikono, hayathibitishi kwamba zimetoka shule moja. Wanaotafuta ukoo wa kweli wanaangalia vitu ambavyo havina sababu ya kufanana, kama ile C ya tafuta, au maumbo ya herufi za vidole, na mwaka 2020 kuna watafiti walichukua alfabeti za vidole za zamani na za sasa wakazilinganisha kwa njia zinazotumiwa na wanabiolojia kupanga ukoo wa viumbe, na koo zikajitokeza, wa Ufaransa, wa Uingereza, wa Hispania, wa Sweden, wa Austria.

Sasa nirudi kwenu. Kuna makosa mawili mnafanya na yanatoka kwenye kutojua hili. La kwanza nimeshalisema, mnadhani lugha ya ishara inafuata lugha ya mdomo. La pili linaniuma zaidi kwa sababu huja limevaa nguo za maendeleo, ni pale mnaposikia kwamba lugha fulani ni ndugu halafu mnaamua kuziunganisha. Inaundwa kamati, wengi wao wanasikia, wanachagua ishara moja kwa kila neno, inachapishwa kamusi nzuri, inapelekwa kwenye tivi na shuleni, na viziwi wenyewe wakiangalia habari hawaelewi. Hilo limeshatokea kwenye nchi za Kiarabu na ile lugha ya ishara ya pamoja iliyoundwa mezani, viziwi wengi waliikataa kwa sababu si ya mtu yeyote, hakuna mtoto aliyekua nayo. Mngeweza kumpa Mzulu hati ya mashtaka ya Kiswahili mkamwambia si wote Wabantu? Hamwezi. Basi na kwa kiziwi msifanye.

Na kuna zile ndogo ambazo hazina ndugu kabisa, zimezaliwa kijijini kwenye uziwi wa kurithi bila shule yoyote, kama ya Adamorobe huko Ghana, au Kata Kolok huko Bali. Shule inapofika na lugha kubwa, ile ndogo inaanza kufa ndani ya kizazi kimoja au viwili. Sisemi msijenge shule, watoto wanazihitaji, nasema mtakapoijenga mwajirini kiziwi wa hapohapo awe mwalimu, ili mtoto aingie na lugha yake na atoke na mbili.

Mnakumbuka, au labda hamkufundishwa, mkutano wa Milano wa mwaka 1880. Walimu wa viziwi walikaa wakapiga kura kwamba watoto wafundishwe kwa mdomo tu, ishara ziondolewe. Wajumbe 164, kiziwi mmoja. Walimu viziwi wakapoteza kazi, watoto wakafungwa mikono, na lugha zikabaki zinapita bwenini usiku mtoto kwa mtoto bila mtu mzima. Mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi ulikuja kuyakataa maazimio hayo mwaka 2010 huko Vancouver, miaka 130 baadaye. Sehemu kubwa ya tofauti tunazoziona leo, shule hii inasema hivi na ile vile, mizizi yake iko kwenye yale mabweni. Kwa hiyo nikiona kamati yenye watu kumi na kiziwi mmoja aliyealikwa kwa ajili ya picha ya pamoja, moyo unashtuka.

Ninachoomba si kikubwa na kingine hakihitaji hata bajeti. Kwenye fomu zenu za hospitali, mahakama na polisi, pale palipoandikwa "anahitaji mkalimani wa ishara" ongezeni mstari mmoja, lugha ipi na alisomea shule gani. Jina la shule litawaambia mengi kuliko pasipoti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006 unasema wazi kwamba lugha ni pamoja na lugha za ishara, kwa wingi, na nchi nyingi zimeshausaini, kwa hiyo mnayo hata nguvu ya kisheria. Kamusi ziongozwe na viziwi wenyewe na ziweke ishara zote zinazotumika hata kama neno moja lina tano.

Na hili la mwisho ni la haraka kuliko mengine yote. Warekodini wazee. Vidio, taa nzuri, mikono yote ionekane mpaka kiunoni na uso usikatwe, mzee aongee na mzee mwenzake aliyesoma naye, si na mwanafunzi wa chuo anayeshika karatasi ya maswali. Mama yangu ana ishara za mwalimu wake wa kwanza ambazo sijaziona kwa mtu mwingine yeyote, hata mi mwenyewe nikizitumia wenzangu hawazijui. Ana miaka 79. Wenzake wa darasani walikuwa 11, wamebaki wawili, mwingine mikono imeshapooza upande mmoja.

Nipo tayari kuja kwenye kikao chochote mtakachoita kuhusu hili, na mama amesema atakuja pia. Yeye atahitaji mkalimani ambaye si mimi, manake siku hiyo nataka nikae kama mtoto wake, kwa hiyo mkimpangia tafadhali mniandikie kwanza niwaambie alisoma wapi.

Wenu,
mkalimani, mtoto wa mama kiziwi